Mwewe anayekula popo: yupo Dar hii hii, anawinda nusu saa tu kwa siku. Njooni tujuzane

#1 Mtazama Anga

Wakuu habari za jioni.

Nimeamua kuleta huu uzi maana humu na mtaani kwa ujumla ndege yeyote mkubwa akipita mchana ni mwewe, akipita usiku ni bundi, basi, hamna mjadala. Sasa kuna mmoja hapo katikati. Ni jamii kabisa ya mwewe na tai, kucha anazo, mdomo wa ndoano anao, ila mchana kutwa kajibanza kwenye mti wenye majani mazito, hata ukisimama chini yake humwoni. Anatoka jua likishazama, anakula popo hewani, giza likikolea kazi imeisha anarudi kulala. Nusu saa hivi, na siku nyingine hata haifiki.

Kitaalamu anaitwa Macheiramphus alcinus. Jina alipewa 1850 na Bonaparte, siyo Napoleon yule wa vita, ni mtoto wa mdogo wake, Charles Lucien, yeye anajulikana zaidi kama mtu wa ndege. Aliyeandikwa mwanzo alitoka Malacca huko Malaysia, kwaiyo msije mkadhani ni wa kwetu peke yetu, anapatikana Afrika kusini mwa Sahara na anapatikana Asia ya kusini-mashariki mpaka New Guinea. Kote huko si ndege wa makundi, ni mmoja mmoja au dume na jike, tena wametawanyika sana, ndo maana watu wengi wanazeeka hawajawahi kumwona wakati anapita juu ya vichwa vyao.

Ukimwona utamjuaje: kahawia iliyoiva karibu nyeusi, koo na kifua vina weupe (wengine mwingi wengine kidogo), macho makubwa ya njano halafu juu na chini ya jicho kuna alama nyeupe. Urefu sm 45 hivi, uzito gramu 600 na ushee, mabawa marefu yamechongoka kama ya kozi. Kwa mbali wakati wa magharibi utasema ni kozi, ila kozi muda huo wengi wao washalala.

Nakuja na namna anavyowinda, hapo ndo penyewe.

#2 Dogo wa Tandika

Ngoja nikae siti ya mbele kabisa

#3 Bi Mkubwa Mbagala

Ndege anatoka magharibi anakula popo?? Hapo mwanangu mimi sikufuati, hiyo saa ya magharibi sisi tulifundishwa watoto waingie ndani. Haya endelea lakini nakusoma nikiwa nimefunga dirisha.

#4 Mtazama Anga

Haha shikamoo Bi Mkubwa, dirisha funga tu kwa ajili ya mbu, ndege hana shida na wewe.

Tuendelee. Kwanza muelewe tatizo alilonalo huyu ndege, maana ukilielewa tatizo kila kitu kwenye mwili wake kinajieleza chenyewe. Popo wanaokula wadudu, hawa wadogo wa kwenye mapaa na mapango, wanatoka jioni kwa pamoja, wanamiminika kwenye tundu moja kama abiria wa mwendokasi Kimara asubuhi. Wakishasambaa angani imekula kwako, kila mmoja kashika njia yake na giza limeingia. Sasa huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa kubembeleza kama Ulaya, linaporomoka moja kwa moja, ukitoka kuswali magharibi ukageuka hivi ni giza. Kwaiyo ndege anayetegemea macho ana dirisha dogo mno kati ya popo wa kwanza kutoka na giza kuwa zito, na humo ndani inabidi apate chakula cha siku nzima.

Kozi wa kawaida akikamata ndege anashuka naye kwenye jiwe au tawi, ananyonyoa manyoya, anachana nyama taratibu. Huyu akifanya hivyo mara moja tu muda umekwisha. Kwaiyo yeye hashuki. Anamkamata popo kwa miguu, anauleta mguu mdomoni huku bado anapaa, anammeza MZIMA na mabawa yake na kila kitu, kisha anamfuata mwingine. Kutoka kukamata mpaka kumeza ni sekunde chache. Ukimwona kwa darubini ni kama vile hajafanya kitu, kainamisha kichwa kidogo tu, kumbe mmoja kashaondoka.

Na mdomo wake ndo kituko. Ukiutazama umefungwa ni kadogo tu, mwembamba, haufanani kabisa na ndege muuaji. Akiufungua sasa! Pembe za mdomo zinarudi nyuma mpaka chini ya jicho, mpana mno, ni mtindo wa mdomo wa mbayuwayu kuliko wa tai. Tai ana mdomo wa kuchania nyama, huyu hachani kitu, ana mdomo wa kupitisha.

#5 Ndezi Mjanja

Chai hii. Popo mzima na yale mabawa yake ya mwavuli apite kooni kwa ndege wa nusu kilo? Mkuu wale popo wa mjini hapa wakati wa maembe mbona wengine kama paka.

#6 Fundi Paa

Ndezi unachanganya mafaili. Wale wa maembe ni popo wanaokula matunda, wakubwa, wana sura kama ya mbwa. Kuna hawa wengine mi nakutana nao kila siku kazini, unafungua fesha bodi (ule ubao wa ukingo wa paa) unakuta wamejipanga kwenye upenyo hata kidole hakiingii, wadogo kama panya wa ndani, wana kamkia kamechomoza nje. Mabawa yakikunjwa wala huyaoni. Nyumba za zamani za vigae Upanga na Kariakoo usiseme, ila hata hizi mpya za bati la msauzi ukiacha tundu tu wanaingia. Harufu ya mkojo wao inashuka mpaka sebuleni, silingi bodi inaota madoa ya kahawia mwenye nyumba anafikiri paa linavuja.

Na ushauri wa bure, msipande darini kufagia kinyesi cha popo bila barakoa. Lile vumbi linaweza kuwa na vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu.

#7 Mtazama Anga

Fundi umemaliza. Hao hao wenye kamkia ndo chakula chake kikuu. Popo anaowapenda ni wa gramu 20 mpaka 75 hivi, wale wakubwa wa matunda wanazidi gramu 200 na wakikunjua mabawa ni sm 70 na kitu, hao hata hahangaiki nao. Hajibani kwa popo tu pia, mbayuwayu wanaochelewa kurudi kulala anawabeba, na wadudu wakubwa anakula.

#8 Dogo wa Tandika

Swali mkuu, popo si wana ile rada ya sauti? sasa wanakamatwaje kizembe hivo

#9 Mtazama Anga

Swali zuri dogo. Rada wanayo kweli, ila ile sauti wanaipeleka mbele wanakoelekea, na kwa kitu kidogo kama mdudu inawasaidia mita chache tu. Ni rada ya kukamatia mbu, siyo ya kuangalia nani anakuja nyuma. Huyu bwana anakuja kwa nyuma, tena kwa spidi. Mwingine anastuka dakika za mwisho anakata kona, ukiwa chini unaona kabisa popo anapinda ndege anapitiliza, anageuka mbele huko anarudi tena. Siyo kila shambulio linazaa matunda, ila kwa jinsi walivyo wengi pale kwenye tundu lao akimkosa huyu kuna mwingine nyuma yake.

Na tofauti yake na bundi iko hapo. Bundi anasikiliza, ule uso wake wa sahani ni wa kukusanyia sauti, ndo maana anaweza kukamata panya kwenye majani gizani, na manyoya yake yametengenezwa asisikike. Huyu wa kwetu anawinda kwa macho tu. Macho yale makubwa yanakusanya mwanga mdogo uliobaki, ukiisha na yeye anafunga ofisi. Isipokuwa pakiwa na mbalamwezi nzuri, au alfajiri popo wakiwa wanarudi. Au pakiwa na taa.

Hapo kwenye taa ndo Dar inapoingia. Taa kubwa zinavuta wadudu, wadudu wanavuta popo, popo wanamvuta yeye. Barabara kubwa, bandarini, viwanja vya mpira. Watu wa ndege wameshaona sehemu nyingi kwamba anawinda kuzunguka taa za mjini na muda wake unarefuka. Sisi tumejaza mapaa yenye popo, tumeweka na taa juu yake, tumemtengea meza bila kujua. Ndo maana mi nasema mtu akitaka kumwona asifikirie Serengeti, aanzie kwenye mji wenye popo, mto na miti mikubwa.

#10 Ndezi Mjanja

Kwaiyo siku ya dabi Simba na Yanga kwa Mkapa watu elfu sitini tunaangalia chini kumbe juu kuna mechi nyingine inaendelea. Haya chai nimeinywa, imekolea sukari. Picha iko wapi?

#11 Mtazama Anga

Picha sina na wala sikudanganyi ntaleta, kupiga picha kitu cheusi kinachokimbia kwenye anga jeusi kwa simu ya laki tatu utapata kivuli cha shetani tu halafu Bi Mkubwa ahame mtaa.

#12 Bi Mkubwa Mbagala

Umenitaja tena. Mimi yale ya popobawa nayakumbuka vizuri, 1995 yalipovuma Unguja na Pemba, halafu 2007 yakaja mpaka huku Dar watu wakalala nje kwa makundi. Msifanye mchezo. Lakini kama huyo ndege kweli anakula popo basi huyo ni wa kwetu, mleteni aje Mbagala.

#13 Mwanatanga

😂😂😂 Bi Mkubwa kamaliza uzi

Naongezea kidogo toka huku Tanga. Kwenye mapango ya Amboni popo ni wengi sana, ukikaa nje jioni unawaona wanavyotoka. Mapango ya namna ile ndo sehemu ndege kama huyu anapenda. Ila swali langu ni jingine: kuna ndege mwingine huku wa kijivu, mkubwa, kichwa kidogo hakilingani na mwili, uso wa njano hauna manyoya, nilimkuta ananing'inia kichwa chini kwenye mnazi anapigapiga mabawa huku kaingiza mguu ndani ya kiota cha mnana. Nikajua anaumwa. Ndo huyu huyu?

#14 Mtazama Anga

Hapana mkuu, huyo ni mwingine kabisa na wala haumwi, hiyo ndo kazi yake. Kitaalamu ni Polyboroides typus. Na Dar yupo tele, popote penye minazi au michikichi yenye viota vya mnana mtamwona mchana kweupe.

Huyo naye ana maajabu yake, ni miguu. Ndege wa kawaida kile kifundo cha mguu kinakunja upande mmoja tu. Cha huyu kinakunja mbele na kinakunja nyuma, na pembeni kidogo kinakwenda. Miguu yenyewe mirefu, myembamba. Kwaiyo anauingiza kwenye shimo la mti au kwenye kiota kilichofumwa anaupinda humo ndani anapapasa, akigusa kinda au yai au mjusi au popo aliyelala anatoka naye. Hahitaji kuona. Kile kichwa kidogo nacho kinapenya kwenye matundu. Na ule uso wa njano akipandwa na mori unageuka mwekundu pale pale, unaweza ukaona mnana wanamzonga na yeye uso unabadilika rangi.

Kuna ndege Amerika ya Kusini, Geranospiza caerulescens, naye ana miguu ya hivyo hivyo na maisha hayo hayo ya kupapasa mashimo, na siyo ndugu wa karibu. Kila mmoja kaja na ufundi wake kwa njia yake wakakutana kwenye mguu. Ndugu yake wa kweli yuko Madagaska.

Tena huko Afrika Magharibi huyu wa kijivu anakula sana matunda ya michikichi. Mwewe anakula mawese! Na tumbusi mmoja mweupe na mweusi wa pwani, mpaka Pemba yupo, chakula chake kikubwa ni hayo hayo matunda ya michikichi. Huyo anastahili uzi wake nisimchanganye hapa.

#15 Mama Shughuli

Nimesoma yote kimya kimya sasa nauliza. Hao popo wadogo si ndo wanatusaidia kula mbu? Sasa huyo ndege si adui yetu basi? Mi naona tunamsifia mtu anayeua askari wetu.

#16 Fundi Paa

Mama hapo umeniacha mdomo wazi

#17 Mtazama Anga

Mama Shughuli swali lako ni la maana. Fanya hesabu ya kawaida tu: ndege mmoja na mwenzake wanatawala eneo kubwa, wanakula popo kadhaa jioni, basi. Tundu moja linaweza kuwa na popo mamia, pango lina maelfu. Akichukua hao kadhaa huoni pengo. Pango likiisha popo siyo kwa sababu yake, ni kwa sababu watu wameingia wamewasha moto au wameziba. Fundi mwenyewe kwa mwaka anahamisha popo wengi tu, na hatumlaumu.

Yeye mwenyewe ndo anazaliana polepole. Anajenga kiota cha vijiti kwenye mti mrefu, na anapenda miti mikubwa yenye gome jeupe jeupe, mibuyu, mikaratusi. Anataga yai moja kwa kawaida. Moja! Kuku wako anakucheka. Kwa dunia nzima hajawekwa kwenye kundi la walio hatarini, ila kwa mji kama huu ukikata mbuyu mmoja kupisha ghorofa unaweza ukawa umefuta kiota pekee cha kata nzima. Msasani na Oysterbay bado kuna mibuyu imesimama, sijui kwa muda gani.

#18 Ndezi Mjanja

Mkuu na kunguru je? maana kunguru wa Dar hawaachi mtu

#19 Mtazama Anga

Ah kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 eti wasafishe taka, leo wanatupangia maisha. Mwewe yeyote akipita mchana wanamtoka kumi kumi, wanamfukuza mtaa mpaka mtaa. Mimi naamini, na hapa ni maoni yangu, kwamba huyu mla popo anaishi kwa amani mjini kwa sababu wakati yeye anatoka kunguru wako bize kugombania matawi ya kulala. Akitoka nusu saa mapema wangemla nyama. Ratiba yake inamlinda.

#20 Mwanatanga

Shule nzuri sana hii mkuu. Sasa mtu akitaka kumwona kwa Dar asimame wapi?

#21 Mtazama Anga

Pugu. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, kuna mapango ya zamani yaliyochimbwa kaolini (udongo mweupe), popo wamejaa humo na jioni wanatoka kama moshi. Sikuhakikishii ndege, nakuhakikishia popo, na walipo popo wengi hivyo nafasi ya kumwona ni kubwa kuliko kukaa barazani kwako. Sehemu nyingine ni pale daraja la Selander mdomo wa Msimbazi penye mikoko, anga iko wazi na maji yanaakisi mwanga unaona vizuri kinachopita juu.

Muda: jua Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kutegemea mwezi. Ufike kabla, uangalie upande wa magharibi ambako bado kuna weupe ili apite kama kivuli. Usimulike tochi mdomoni mwa pango, popo wanasita kutoka na wewe umeharibu jioni ya watu wote akiwemo yeye. Ukiona popo wanakatika ghafla, mstari uliokuwa umenyooka unavunjika wanatawanyika, acha kuangalia popo, tafuta kitu kikubwa cheusi nyuma yao.

#22 Dogo wa Tandika

Jumamosi mi naenda Pugu, nani yupo? Nauli ya daladala ninayo ya kurudia sina

#23 Fundi Paa

Nipo. Tukutane Gongo la Mboto saa kumi jioni, natoka site Chanika na pikipiki. Darubini nani anayo?

#24 Mtazama Anga

Darubini ninayo. Viatu vya kufunika njooni navyo, na pesa ya kiingilio cha hifadhi mkononi msije mkaanza kunitazama mimi getini.

#25 Bi Mkubwa Mbagala

Mkimaliza mnipigie simu mniambie kama mmerudi wote.